Aliyemsindikiza Mtumishi Kituoni

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya kibanda changu cha kushona viatu. Linatazamana na ghala la zamani la saruji ambalo siku hizi ni kanisa. Kati yetu na kanisa kuna barabara na mtaro tu. Kushoto anakaa Breki, dereva wa malori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu akianza kusema hicho kitu hana. Katikati anakaa Spika, fundi wa vyombo vya sauti, ndiye anayefunga na kufungua maspika ya kanisa kila Jumapili. Kulia ni pa Kanuni, aliyekuwa karani wa mahakama, mtu ambaye hata ukipiga chafya atakwambia sheria inasemaje. Mimi nakaa mlangoni na kiatu cha mtu mapajani. Na Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu, anasimama na birika lake juu ya jiko la mkaa, akitumiminia kahawa na kututukana kwa zamu. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa Jumanne, na tangu Jumapili hakuna aliyekuwa amezungumza jambo jingine. Mtumishi, mhubiri wa kanisa hilo, alikuwa ameanguka, na tulikuwa tumemwona kwa macho yetu akipita mbele ya benchi hili, ameshikwa mkono na mama mmoja mtu mzima kama mtoto anayepelekwa shule.

— Niwamiminie au mnaanza kwanza kubwabwaja? — Shangazi aliuliza.

— Mimina, — Breki alisema. — Leo nimekuja na jibu.

— Jibu la nini?

— La yule mama. Kwa nini alimshika mkono. Nimelala nalo, nimeamka nalo.

— Basi ungenawa uso kwanza, maana limekuachia tongotongo.

Tulicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Ngoja nimweleze ambaye hakuwepo.

Mtumishi alikuja mtaani kwetu akiwa kijana mwembamba, na gitaa begani, akaanza kuhubiri chini ya turubai. Alikuwa na sauti ile ambayo ikisema “Bwana asifiwe” hata mbwa wanaolala ghalani wanainua vichwa. Lakini haikuwa sauti peke yake. Alikuwa akikutazama machoni unahisi ni wewe aliyekuwa anakutafuta tangu kulipokucha. Walevi sugu waliacha pombe. Mume na mke waliokuwa wamegawana nyumba kwa pazia walitoa pazia. Breki mwenyewe, asiyejua mlango wa kanisa uko upande gani, aliwahi kumsikiliza kutoka hapa benchini mpaka machozi yakamtoka, akasingizia moshi wa jiko. Hatukuwa wajinga. Tulimpenda.

Halafu turubai likawa ghala, ghala likajaa, na Mtumishi akaanza habari ya dawa. Akawa anaweka kikapu mbele ya madhabahu. Mwenye imani aje atupe vidonge vyake humo. Kikapu kikijaa anakiinua juu, ngoma zinalia, watu wanarukaruka.

Yule mama tunamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa kabla hajastaafu. Nusu ya watu wazima wa hapa amewafundisha kusoma. Alikuwa miongoni mwa wale wa kwanza kabisa, wa chini ya turubai. Mtumishi alikuwa akimwita mama, naye akimwita mwanangu. Alikuwa na binti mmoja, aliyekuwa akisaga lenzi kwenye duka la miwani na kuimba kanisani sauti ya kwanza. Binti alikuwa na kisukari tangu utotoni, akijidunga sindano kila siku. Jumapili moja Mtumishi alimwita mbele. Binti akaweka sindano zake kikapuni. Kanisa zima likasema Amina, na Mwalimu naye akasema Amina. Wiki haikwisha, akazikwa.

— Haya, jibu lako, — Spika alimwambia Breki.

— Kisasi, — Breki alisema, akaweka kikombe chini ili mikono iwe huru. — Nyie mnaona huruma pale, mimi naona kisasi kilichopikwa kwa moto mdogo. Fikirieni. Watu walikuwa wameshajaa hapa barabarani. Wangempiga, yangekwisha upesi, tena angekufa watu wakisema shahidi wa imani. Mama akasema hapana. Akataka aishi. Aamke kila siku alikumbuke jambo lile. Mimi nimeendesha lori maisha yangu yote, najua: mtu ukitaka kumtesa usimgonge, mpe lifti halafu usimsemeshe.

— Hujaona uso wake wewe, — Shangazi alisema. — Ule haukuwa uso wa kisasi. Mama yule amesamehe. Na mimi nimesamehe.

— Wewe umesamehe nini?

— Mtumishi. Nimemsamehe.

— Alikukosea nini wewe?

Shangazi akageukia jiko. Akachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

— Usiseme hivyo mbele ya Mwalimu, — Spika alimwambia polepole. — Ndicho alichotukataza. Nyie mlikuwa huku nje. Mimi nilikuwa ndani, kwenye mashine.

— Tusimulie tena, — nilimwambia.

— Nimeshasimulia tangu juzi.

— Simulia. Kila ukisimulia kuna kitu unakumbuka.

Spika akavua kofia. Hafanyi hivyo hata akiongea na mama mkwe wake.

— Ibada ilikuwa moto, — alianza. — Wakati wa kikapu ukafika. Akaletwa binti mwingine, mdogo kuliko yule marehemu, kashikwa mkono na baba yake. Ugonjwa ule ule. Ameshika mkoba wenye sindano zake, anautazama. Mtumishi akamwekea mkono kichwani. Nami nikapandisha sauti kidogo, maana hapo ndipo anaposhusha ya kwake halafu anaipandisha ghafla. Ndipo Mwalimu akasimama.

— Alisema nini?

— Hakusema kitu! Ndicho ninachowaambia. Alikuwa kiti cha nyuma kabisa, pale karibu na mlango, anapokaa tangu amzike mwanawe. Alisimama tu, wima, na mkoba wake begani. Mtumishi akainua macho akamwona. Akanyamaza. Nikadhani maiki imekufa. Nikashika vitufe vyote, nikakagua waya, nikapuliza. Maiki ilikuwa nzima. Ilikuwa inaleta pumzi yake kwenye maspika yote, huu, huu, huu, kanisa zima linamsikia mtu akipumua.

Hapo Spika akainua kofia mdomoni kama maiki.

— Halafu Mtumishi akamwambia yule binti: “Funga mkoba wako. Usiziweke humu. Nenda nazo nyumbani.” Baba mtu akasema, “Mtumishi, tuna imani.” Akamjibu: “Yule mwingine alikuwa na imani kuliko mimi na wewe. Mimi nilimwambia aache dawa, akafa. Na mimi mwenyewe nameza vidonge vya presha kila asubuhi. Mke wangu ananifichia kwenye kopo la majani ya chai.” Hivyo hivyo, kwenye maiki. Nilisikia bati likitanuka kwa jua.

— Alitubu, — Shangazi alisema, macho yamelowa.

— Subiri. Mchungaji msaidizi akaruka, akanyakua maiki. “Haleluya! Mtumishi wetu amejishusha! Sisi ni nani tusimsamehe? Tumnyooshee mikono!” Kinanda kikaanza, watu wanalia, wengine wanapiga makofi. Ungedhani ni harusi. Na Mwalimu anakuja, anatembea katikati ya viti, taratibu. Akafika mbele. Hakuomba maiki. Akatumia sauti ile ya darasani. “Kaeni.” Jamani, watu mia kadhaa walikaa! Mimi mwenyewe nilikaa, na nilikuwa sina kiti.

— Ukakaa wapi?

— Juu ya spika. Akasema: “Msimsamehe kwa niaba yangu. Hakuwakosea nyinyi. Alimkosea mwanangu, na mwanangu hayupo wa kumjibu. Nami siku ile nilisema Amina. Amina yangu nitaijibu mimi. Maneno yako, mwanangu, yajibu wewe.” Kisha akamnyooshea mkono. Mtumishi akauliza, “Tunakwenda wapi, mama?” Akamwambia, “Kituoni. Ukaseme vile vile ulivyosema hapa, usipunguze.”

Nilijikuta nimesimamisha sindano hewani. Nimeisikia habari hii mara nyingi, na kila ikifika hapo nasahau kazi.

— Sasa sikilizeni la kwangu, — Spika alisema akivaa kofia. Sauti yake ikabadilika, maana hapo alikuwa anatoka kwenye aliyoyaona na kuingia kwenye aliyoyafikiri. — Nimekaa na mashine zile miaka. Aliposimama yule mama, mishale yote ya kwenye mashine, ile inayopima sauti, ilianguka chini. Yote. Kinanda, ngoma, kila kitu. Na ngoma zilikuwa zinapigwa!

— Umeme ulikatika, — Breki alisema.

— Taa zilikuwa zinawaka, wewe! Feni zinazunguka! Nawaambieni, kilichosimama pale hakikuwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa kwake amelala. Kilikuja kitu kwa umbo lake.

— Malaika?

— Sitaji. Nasema kitu.

— Na mkoba begani?

— Malaika hawezi kubeba mkoba?

Breki alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaegemea mbele, akashusha sauti kama anayetoa siri ya serikali.

— Mimi ninayo kubwa kuliko hiyo. “Mwanangu, mwanangu.” Mnadhani ni bure? Mtazameni Mtumishi pua. Mtazameni Mwalimu pua. Yule ni mtoto wake wa kumzaa! Alimzaa usichana, akamwacha mahali, kijana akakua, akaja na gitaa lake kumtafuta mama. Mama akamtambua siku ya kwanza chini ya turubai. Kwa hiyo yule binti alikuwa dada yake, na mama hakuweza...

— Breki, — Shangazi alimkata. — Pua ya Mwalimu ni kama ya kila mtu. Imekaa katikati ya uso.

— Nasema nilichokiona!

— Hujaona kitu. Na wewe, Spika, malaika wako ana harufu gani?

— Harufu?

— Alipita hapa akienda ibadani, akaniambia “Habari za asubuhi” kama kila Jumapili. Nilisikia harufu ya sabuni ya kufulia kwenye nguo yake. Malaika hafui.

Spika akavuta kofia mpaka machoni. Na Breki, sijui ni kwa nini, aliacha kucheka. Akawa anatazama viganja vyake.

— Ni kweli alikuwa mtu, — alisema baadaye. Sauti haikuwa ile yake. — Mimi nilikuwa na kipande cha tofali.

— Nini?

— Jumapili. Mlipoona watu waliomsikia kwenye maspika wamejaa pale mlangoni, mimi nilikuwa mbele yao. Dada yangu alitupa vidonge vyake vya moyo kwenye kile kikapu. Hajafa, Mungu amesaidia, nilimpigia simu saa ile ile nikamfokea akarudi hospitali. Lakini damu ilinipanda. Nikaokota tofali hapa hapa, chini ya benchi letu. Wakatoka mlangoni, mama mbele, Mtumishi nyuma yake, suti nyeupe imelowa jasho. Mtu wa nyuma yangu akarusha jiwe. Likampata mama begani. Sauti yake niliisikia, pu, kama mtu anapiga godoro. Hakugeuka kuangalia nani. Akamvuta Mtumishi, akamweka upande wa ukutani, yeye akabaki upande wetu. Akaja mpaka nilipo mimi. Nimesimama katikati ya njia na tofali langu. Akanitazama. Mnajua aliniambia nini?

Hatukujua. Breki alikuwa hajatuambia hilo tangu Jumapili.

— “Nipishe, baba.” Basi. Kama mtu anayepita na ndoo ya maji. Nikapisha. Nilipopisha mimi, na wengine wakapisha. Akasema kwa sauti ya kusikika, hakupiga kelele: “Nataka afike mzima. Asipofika mzima, nani atasema?” Wakapita. Mimi nikabaki na tofali sijui niliweke wapi.

Shangazi akachukua kikombe cha Breki, akakijaza upya bila kuombwa.

— Ndiyo maana ukaja na habari za kisasi na pua, — alimwambia, kwa upole ambao si wake. — Unatafuta namna yule mama awe mtu wa kawaida.

— Sasa ningefanyaje? Mtu wa kawaida ningemwelewa.

Barabarani akapita mtu na baiskeli iliyobeba magodoro. Kule ng’ambo, mlango wa ghala ulikuwa na kufuli kubwa; wazee wa kanisa walikuwa wameufunga Jumapili jioni. Hao wazee, Spika alitueleza, Mwalimu alishawaendea baada ya msiba. Alianza na Mtumishi mwenyewe, ofisini, mlango umefungwa; Spika alikuwa akikunja waya nje akasikia: “Mwanangu, useme mwenyewe. Mimi nitakaa nyuma, nitakusubiri.” Akasubiri. Mtumishi akawa anakwepa macho yake. Akawaendea wazee wa kanisa; wakamwambia asimguse mpakwa mafuta wa Bwana, na kwamba msiba umemchanganya. Hakugombana nao. Akarudi kiti cha nyuma. Jumapili baada ya Jumapili alikuja, akakaa, akamtazama.

— Kanuni, — nilisema, maana niligundua kitu. — Mbona wewe leo hujasema hata neno?

Ni kweli. Kanuni, ambaye kwa kawaida angekuwa ameshatueleza tofauti ya kuua kwa kukusudia na kuua kwa uzembe, alikuwa ameshika kikombe kilichokwisha poa. Hajakinywa.

— Nilikuwa nawasikiliza, — alisema.

— Sema basi. Wewe ndiye mtu wa sheria. Alimpeleka ili kesi isimame, au sivyo? Mtuhumiwa akiuawa njiani, kesi inakwisha.

— Ndivyo nilivyofikiri, — Kanuni alijibu. — Ndiyo maana niliwafuata.

Tulimgeukia wote.

— Uliwafuata?

— Mpaka kituoni. Nilijiambia, mama huyu hajui mambo ya kule, watamzungusha. Mimi kaunta ile naijua. Nikatembea nyuma yao. Hawakuzungumza njia nzima. Mtumishi alikuwa analia kama mtoto, kamasi zinamtoka, na mama amemshika mkono tu, hamwachii, hambembelezi. Tukafika. Askari wa zamu akauliza, “Mama, unamshtaki nani?” Akasema, “Sijaja kushtaki. Nimemsindikiza. Atasema mwenyewe.” Askari akanitazama mimi. Nikamwambia, “Andika.” Mtumishi akasema. Yote. Alipotaka kusema “kwa mapenzi ya Mungu,” mama akamgusa kiwiko, naye akaiacha ile sentensi akaanza upya: “Mimi nilimwambia.” Askari aliandika mpaka akasimama kunyoosha vidole.

— Na mama?

— Naye alitoa maelezo yake. Aliandikisha kwamba na yeye alikuwepo na alikubali. Askari akamwambia hilo si lazima, yeye ni mfiwa. Akasema andika. Baadaye akaulizwa kama atakuja mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya huyu. Akajibu, “Nitakuja kila nikiitwa.” Hakusita hata kidogo. Mimi nikasema moyoni, sawa, hapa nimemwelewa. Huyu ni mtu wa haki. Anataka sheria ifuate mkondo. Nikawa naridhika, maana hiyo ndiyo lugha yangu.

Kanuni akaweka kikombe chini.

— Wakaja kumchukua Mtumishi kumpeleka mahabusu. Wamemvua mkanda, wamemvua viatu. Mama akasimama tena, kama alivyosimama kanisani, nadhani, sikuwepo. Akasema, “Afande, ngoja.” Akamuuliza Mtumishi: “Leo umemeza dawa yako?”

Shangazi akashika mdomo.

— Mtumishi akatikisa kichwa. Alikuwa hajameza. Jumapili humeza baada ya ibada. Mama akamgeukia askari: “Huyu ana presha. Anatakiwa apate dawa kila siku, asikose hata siku moja. Mwanangu alikosa. Naomba muandike na hilo.” Kisha akatoka. Nikadhani amekwenda zake. Kumbe amevuka barabara, ameingia duka la dawa. Akarudi na vidonge ndani ya bahasha ndogo ya karatasi na chupa ya maji. Askari akasema, mama, utaratibu... Ndipo kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mimi, Kanuni, nilimwambia askari achana na utaratibu. Mtumishi alimeza pale pale kaunta. Alishindwa kushika chupa, mama akamshikia.

Breki alikuwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti. Spika alitazama kule ghalani, midomo inacheza bila sauti. Nami nilitazama kiatu nilichokishika, kiatu cha mtu mzima cha kulia, nikawa sikumbuki nilikuwa nakifanya nini. Mimi si mtu wa dini sana. Lakini nawaambieni, jua lilikuwa juu, magari yanapita, mkaa unalia, na palikuwa na kitu kikubwa kimekaa nasi pale benchini, kila mmoja akawa anaogopa kusogea asije akakikanyaga.

— Nilikaa kazini miaka yote ile nikiona watu wakihukumiwa, — Kanuni alisema mwishoni. — Niliona waliosamehe wakalala kwa majirani siku ya kesi, wasitokee. Niliona waliokuja na chuki imewajaa mpaka shingoni. Sijawahi kuona mtu mmoja akiyabeba yote mawili mikononi, la kushoto na la kulia, na asimwage hata moja.

— Lakini amemsamehe? — Shangazi aliuliza. — Ndiyo au hapana?

— Sikumuuliza. Ningeanzia wapi?

Ndipo alipotokea yule mwanamke. Hatukumwona akija, tulimwona ameshasimama ng’ambo ya mtaro, viatu vyake vina vumbi la kutembea mbali. Hakuwa na zile kofia kubwa tulizozoea kumwona nazo. Alikuwa amejitanda mtandio wa kawaida, na tulichukua muda kumtambua kwamba ni mke wa Mtumishi.

— Shikamooni, baba zangu. Habari, Shangazi.

— Marahaba, — tulijibu, si kwa pamoja.

Shangazi aliliacha birika. Aliweka mikono kiunoni.

— Ni wewe uliyekuwa unaficha vidonge kwenye kopo la chai?

— Ni mimi, — mwanamke alisema.

Alilisema hivyo tu, bila “lakini.” Shangazi alikuwa amejiandaa kwa jibu jingine, nikaona mikono inamteremka.

— Unakwenda wapi?

— Namtafuta Mwalimu.

— Wa nini? — Breki akainuka nusu. — Ukamwombe aache kutoa ushahidi? Mama wa watu mwacheni apumzike!

— Hapana, baba. Mume wangu mwenyewe amesema asifutiwe neno. Nimetoka kumpelekea dawa sasa hivi. — Akavuta pumzi. — Siku yule binti alipozidiwa, aliletwa kwetu kuombewa kabla hajapelekwa hospitali. Alikuwa anakunywa maji hayamtoshi, anapumua kama aliyekimbia. Niliona. Nilijua ni nini. Nilikuwa na uwezo wa kusema mpelekeni sasa hivi, nikanyamaza kwa sababu mume wangu alikuwa ameshaanza kuomba. Hakuna aliyeniuliza mimi. Polisi hawajaniuliza, wazee hawajaniuliza. Ila nilijua. Nataka Mwalimu alisikie kutoka kwangu kabla hajalisikia kwa mtu. Kisha, akitaka, aende nami kituoni. Asipotaka, nitakwenda peke yangu.

Kanuni alisimama, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

— Nimekwenda kwenye nyumba yake ile tuliyoijua, — mwanamke aliendelea. — Nimekuta wapangaji wengine. Wanasema tangu msiba alishindwa kulala mle ndani, akahama. Yuko mtaa huu huu wenu, wanasema anapita hapa kila siku. Naomba mnielekeze. Nyumba yake ni ipi?

Breki akamtazama Spika. Spika akamtazama Shangazi. Shangazi akainua kidole kuelekea kule kwenye nyumba za vyumba vya kupanga, kidole kikazunguka hewani, kikarudi chini. Kanuni, anayejua nani anamiliki kiwanja kipi, alikuwa anatazama ardhi. Mimi nilijua kiatu chake kinavyolika upande wa nje wa kisigino. Nilijua salamu yake. Alikuwa akitusalimu siku zote hizo, nasi tukiitikia na kuendelea na maneno yetu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfuata hatua chache kwenda kukaa naye msibani.

— Hampajui? — mwanamke aliuliza tena, kwa adabu, kama aliyedhani hatukusikia.

Shangazi akashusha birika, akamwaga maji juu ya mkaa. Moshi ukapanda. Kahawa ilikuwa bado imo, zaidi ya nusu. Nikafunga mlango wa kibanda, kiatu cha mtu nikiwa bado nimekishika. Tukavuka mtaro sote, mke wa Mtumishi katikati yetu, tukaingia kwenye uchochoro wa nyumba za kupanga, na Breki akabisha hodi mlango wa kwanza.